Mnaotusemea, Sogeeni Kidogo Tukae

Hii ni hotuba niliyoitoa Mbeya mwezi wa nne kwenye ukumbi wa kanisa, kuhusu sisi wenye usonji, autism kwa Kiingereza, yaani watu ambao ubongo wetu unapokea sauti, mguso na maneno tofauti na wengi. Watu waliniomba niiandike, kwa hiyo nimeiandika kama nilivyoisema, na palipokuwa na fujo nimeiacha na fujo yake.

Mugonile. Na wale mlioshuka na basi la Iringa asubuhi, kamwene.

Mheshimiwa diwani, mwenyekiti wa mtaa, mama mchungaji uliyetupa ukumbi bure, walimu, wazazi wangu, na ndugu zangu mliokaa kule nyuma karibu na mlango na mnajua kabisa kwa nini mmekaa karibu na mlango, ndaga fijo kwa kuja.

Kabla sijaanza, mambo madogo matatu. Mimi nasoma, sitawaangalia machoni, siyo dharau. Maneno yakinigoma mdogo wangu yuko hapa mbele ana nakala, ataendelea yeye, msishtuke na msinipepee kama nimezimia. Halafu makofi hapana jamani, ukifurahi punga mikono juu hivi, kwa sababu humu ndani kuna watu ambao makofi ya watu mia kwao ni kama mvua ya mawe kwenye bati. Na zile kadi mlizopewa mlangoni zivaeni shingoni: kijani maana yake niongeleshe, njano maana yake niongeleshe kama tunajuana, nyekundu niache kabisa, hata salamu usinipe. Hatukuzibuni sisi. Zilianza kwa watu wenye usonji wa Marekani, wale waliokuwa na mtandao wao na mwaka 1996 wakaanza kufanya kambi yao wenyewe, wamepanga wao, ratiba ya kwao, na daktari au mzazi akija anakuja kama mgeni. Nilivyosikia habari hiyo nilicheka peke yangu kwenye Coaster mpaka konda akaniuliza kama niko sawa.

Haya. Mimi nina miaka 32. Nimekulia Iringa, Ipogolo, sasa hivi naishi Tukuyu, nafanya kazi kwenye stoo ya maparachichi, naandika kilo zilizoingia, zilizokataliwa, mkulima gani anadai shilingi ngapi. Na kabla hamjaanza kusema aaah, hawa watu wa usonji wana vipaji vya namba, hapana, hesabu form four nilipata D. Ile kazi naipenda kwa sababu stoo ina ubaridi, ina kimya, na hakuna anayeniuliza mbona sicheki.

Shuleni tatizo langu kubwa halikuwa masomo, lilikuwa sweta. Watu wa nyanda za juu mnalijua lile sweta la shule, mwezi wa sita na wa saba baridi inang'ata masikio na mwalimu wa zamu anakagua nani hajavaa. Mimi lile sweta lilikuwa linanichoma mwili mzima kama nimemwagiwa upupu. Nikilivua nachapwa kwa kulivua, nikilivaa nalia, nachapwa kwa kulia. Mama yangu, Mungu amlaze pema, akawa ananivalisha kanga ndani na kuishonea shingoni ili sufu isinifikie. Hakuwa amesoma lolote kuhusu usonji. Aliangalia tu mtoto wake anakunja shingo vipi, akachukua sindano. Mpaka leo sijaona mtaalamu aliyefanya kazi nzuri kuliko ile, na nimeshaona wataalamu.

Jina la hali yangu nililijua nina miaka 26. Mtoto wa kaka yangu alipelekwa Dar kwa vipimo, mimi nikamsindikiza, zaidi ya kilometa 800 za basi na mtoto ambaye kila breki ya upepo ikilia anaziba masikio. Tukaingia, daktari akawa anamuuliza shemeji yangu maswali, je anarudia maneno, je anakasirika ratiba ikibadilika, je anachagua chakula, na mimi pale kwenye kiti cha pembeni nahesabu kwenye vidole, ndiyo, ndiyo, ndiyo. Vidole vikaisha.

Sasa nije kwenye kilichonileta.

Kuna shule moja ya msingi mkoani kwetu, siitaji kwa sababu mwalimu mkuu wake siyo mtu mbaya na leo sijaja kumuumbua mtu. Ile shule ilikuwa na kitengo, yaani darasa la watoto wenye usonji na wenye ulemavu wa akili, chumba kimoja, watoto 14, mwalimu mmoja aliyesomea, mkeka, na pazia zito ambalo mzazi mmoja alilileta ili jua la saa nne lisiwapige watoto usoni. Hicho tu, hata choo kilikuwa mbali. Lakini watoto 14 walikuwa wanatoka nyumbani asubuhi wamevaa yunifomu kama watoto wa wenzao, na mama zao wanapata saa tano za kwenda kuuza nyanya.

Ikaja kambi ya darasa la saba, vyumba vikapungua, kamati ya shule ikakaa. Nimeusoma muhtasari wa kile kikao kwa macho yangu, ajenda ya chumba ilikuwa ya nne, baada ya michango ya uji na kabla ya mengineyo. Mistari miwili. Chumba cha kitengo kitumike kwa muda kama stoo ya madawati na vitabu, watoto wa kitengo "wapumzike" hadi hali itakapotengemaa. Kwa muda! Wapumzike! Mtoto aliyekaa miezi minane akijifunza kuvua viatu mlangoni, unamwambia apumzike.

Na hakuna aliyesema tuwafukuze. Hakuna aliyewachukia. Hapo ndipo pananiuma, maana watu wabaya ukiwaona unawajua, unajipanga, lakini hawa walikuwa watu wazuri wamechoka, saa kumi jioni, wanataka kwenda nyumbani, na kwenye kile chumba cha kikao hapakuwa na mtu hata mmoja ambaye ule mkeka ulikuwa unamhusu. Haki zetu nyingi zinaondoka hivyo, kwenye ajenda ya nne.

Wazazi wakaniambia baada ya wiki tatu. Kikundi chetu ni watu wazima 9 tu wenye usonji, wengine hawaongei kwa mdomo, wengine wanaongea sana kama mimi wakishaanza. Tukaomba muhtasari kwa barua. Tukaenda kwa afisa elimu, tukaenda ustawi wa jamii, tukasubiri kwenye mabenchi, nikalipuka mara moja kwenye korido nikakaa chini ya ngazi nusu saa, wenzangu wakakaa na mimi mpaka ikapita, tukaendelea na foleni. Halafu tukaenda na kijana mmoja wa miaka 19 aliyesoma kwenye kile kitengo akiwa mdogo. Yeye haongei, anaandika kwenye simu. Kamati ilivyokaa tena mwenyekiti akamuuliza mama yake, "Sasa huyu kijana anataka nini?" Mama akanyamaza, tulishakubaliana anyamaze. Kijana akaandika, ikachukua dakika nne nzima, watu wanakohoa, wanaangalia saa, akageuza simu mwenyekiti asome mwenyewe. Ilikuwa imeandikwa: nilijifunza kusoma chumba kile rudisheni mkeka.

Chumba kilirudi. Mkeka hadi leo haujulikani ulipo.

Naomba nitoke kidogo nje ya nchi, maana kuna watu wanadhani sisi tunajitafutia makuu, eti hii habari ya wenye usonji kujisemea wenyewe imeletwa na intaneti juzi.

Mwaka 1993 kule Toronto, Kanada, kwenye mkutano wa kimataifa wa usonji, mtu mmoja mwenye usonji anaitwa Jim Sinclair aliwaambia wazazi jambo gumu, kwamba msiba mnaoulia ni wa mtoto mliyemtarajia, na mtoto mliyenaye yupo hapa hai anawasubiri. Fikiria unasimama mbele ya wazazi unawaambia hivyo. Mwaka 2006 Ari Ne'eman na Scott Robertson wakaanzisha chama cha watu wenye usonji kujitetea wenyewe, Autistic Self Advocacy Network. Mwaka uliofuata tu taasisi moja ya chuo kikuu New York ikaweka mabango mjini yameandikwa kama barua za watekaji, kama vile usonji umeandika: tunaye mtoto wako. Walidhani wanaelimisha jamii. Wale vijana wakakusanya saini, wakashirikiana na vyama vingine vya watu wenye ulemavu, na mwezi huohuo wa Desemba 2007 mabango yakaondolewa. Mimi nikisikia matangazo ya hapa kwetu yenye muziki wa msiba na sauti ya mtoto analia nawakumbuka sana wale.

Na kabla yao wapo wengine. Marekani walipitisha kifungu mwaka 1973, kinaitwa 504, kwamba taasisi inayopokea pesa ya serikali kuu isimbague mtu kwa ulemavu wake. Kizuri. Kikakaa miaka minne bila kanuni kusainiwa, na sheria bila kanuni ni kama trekta bila dizeli, utalipiga picha tu. Aprili 1977 watu wenye ulemavu zaidi ya 100 wakaingia jengo la serikali San Francisco wakakataa kutoka. Zaidi ya wiki tatu. Kuna waliokuwa wanahitaji mtu wa kuwageuza usiku, kuna walioacha dawa nyumbani. Simu zilipokatwa, viziwi ndio waliokuwa wanapeleka habari nje kwa lugha ya alama kupitia madirishani. Black Panther, chama cha Wamarekani weusi cha kudai haki zao, wakawa wanawaletea chakula cha moto kila siku. Judy Heumann, mwanamke wa kiti cha magurudumu, alikuwa mmoja wa viongozi. Tarehe 28 Aprili kanuni zikasainiwa. Mimi naipenda sana ile sehemu ya viziwi dirishani, kwa sababu kitu ambacho watu walikuwa wanakiita upungufu wao ndicho kikawa simu pekee inayofanya kazi kwenye jengo zima.

Lakini msidhani huko wamemaliza. Mwaka 1999 mahakama yao ya juu kabisa ilisema kumfungia mtu kwenye taasisi wakati anaweza kuishi nyumbani akipewa msaada ni ubaguzi. Ile kesi waliishinda wanawake wawili wa Georgia, Lois Curtis na Elaine Wilson. Sasa huo msaada wa nyumbani unalipwa sana na mpango wao wa bima ya serikali, Medicaid, na ndani yake kuna mtego: kumlipia mtu akae kwenye nyumba ya wauguzi ni lazima kwa kila jimbo, kumlipia msaidizi aje nyumbani kwake kwa sehemu kubwa ni hiari ya jimbo. Pesa ikipungua unadhani kinakatwa kipi? Julai 2025 imesainiwa sheria ya kupunguza matumizi ya Medicaid, na watu wenye usonji wa kule wamerudi tena kwenye kuandika barua na kupiga simu kwa wabunge, baada ya miaka yote hiyo. Nimewasimulia ili mjue kwamba hata kwa wenye pesa haki inaishi kwenye bajeti, na bajeti inafunguliwa kila mwaka.

Turudi kwetu.

Sisi hatuna shida ya karatasi. Katiba yetu, ibara ya 11, inataja haki ya kufanya kazi, kujipatia elimu, na kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi au hali ya ulemavu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu tuliuridhia mwaka 2009, na ibara ya 4 inasema serikali ikitunga sheria au sera zinazotuhusu ishauriane nasi kwa karibu, na watoto wenye ulemavu wamo. Haikusema ishauriane na mtu anayetufahamu. Ikaja Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010, yenye elimu ndani, yenye afya, yenye kazi, mwajiri mwenye watu 20 na kuendelea asilimia 3 wawe watu wenye ulemavu. Waajiri wa Mbeya mliomo humu sitawauliza, naona mmeshaangalia chini.

Halafu kuna ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 sisi. Mwaka 2023 ile mikopo ikasimamishwa nchi nzima kwa sababu ya usimamizi mbovu, 2024 ikarudi. Ule mwaka wa katikati nani alisikia sauti yetu? Wanawake walipiga kelele, vijana walipiga kelele, sisi tuliambiwa tuwe na subira na kwa kweli tukawa nayo. Iliporudi tukaenda ofisi moja na fomu zetu, yule kaka wa mezani akaniangalia juu mpaka chini. "Dada mbona uko vizuri, ulemavu wako uko wapi?" Nikamwambia usonji. Akasema hapana, leta barua ya daktari. Sawa, ana haki ya kuomba barua, ila daktari bingwa wa kuniandikia hiyo barua tuliyempata sisi yuko Dar. Kwa hiyo ili mtu aombe mkopo kwa sababu hana pesa, kwanza awe na pesa ya kwenda Dar na kulala na kurudi. Nilitaka kumweleza hivyo, maneno yakaganda kooni, nikaanza kutikisa mikono, na yeye akasema, "Aaah, sasa nimeuona." Yaani mpaka nivunjike mbele yake ndipo aniamini.

Diwani, hilo linaweza kurekebishwa hapahapa. Barua ya afisa ustawi wa jamii na ya mwalimu zikubaliwe kwa kuanzia, vipimo vifuate, na halmashauri iweke fungu la kumleta bingwa huku mara mbili kwa mwaka, maana bingwa mmoja kupanda basi kuja Mbeya ni rahisi kuliko watoto mia kwenda Dar. Shirika la Afya Duniani linakadiria mtu 1 kati ya 127 ana usonji. Mkoa wetu kwa sensa ya 2022 una watu zaidi ya milioni 2.3. Gawanya. Inakuja zaidi ya 18,000, na hayo ni makadirio ya dunia siyo hesabu ya hapa, lakini hata ukikata nusu, hao elfu tisa wako wapi?

Wako ndani. Na hapa nitaongea taratibu kwa sababu mama ninayemsema anaweza kuwa amekaa humu.

Kuna mama alikuwa anamfunga mtoto wake kamba mguuni, ncha nyingine kwenye nguzo ya kitanda, anaenda Mwanjelwa kuuza ndizi, anarudi mchana anamfungua wanakula, anamfunga tena. Majirani walimshtaki, wakamwita mchawi, wengine wakasema mtoto ana mapepo apelekwe kwenye maombi ya siku saba, na akapelekwa, akafunga njaa na mtoto wake. Mimi nilivyofika pale nilikuja na hasira zangu zote, kwa sababu yule mtoto ni mimi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mwanangu, alitoka nikamkuta katikati ya barabara ya Tunduma, malori yanapiga honi." Basi. Asipoenda sokoni hawali, akienda mtoto anatoka, akimwachia jirani anapigwa. Niambieni ninyi, ile kamba nani aliifunga?

Sitaki kamba. Nataka ifunguliwe leo. Ila sitaki mtu aje na polisi kufungua kamba halafu aondoke aache mama na mtoto na ile barabara palepale. Anachohitaji ni mahali pa kumwacha mtoto saa sita kwa siku na mtu aliyefundishwa, na kitasa cha juu, na mtaa unaomjua mtoto kwa jina ili akitoka arudishwe kwa upole, siyo kwa mawe. Sisi tulianza na kitasa. Fundi alituwekea bure. Na mtoto, kumbe alikuwa anaifuata ile barabara kwa sababu anapenda matairi makubwa, basi kuna gereji ya malori jirani, siku hizi mama anampeleka Jumapili anakaa saa nzima anaangalia matairi yakizibwa, ametulia kuliko waumini. Hakuna daktari aliyegundua hilo. Aligundua mwenzetu mmoja wa kikundi, ambaye na yeye alikuwa mtoto wa matairi.

Ndiyo maana nikisikia kikao cha kupanga huduma za usonji hakina mtu hata mmoja mwenye usonji naona kama kikao cha kupanga bei ya mchele bila mtu wa Kyela. Mtapanga, ila mtapanga vibaya.

Tarehe 2 Aprili. Nisipoisema wenzangu watanidai. Mwaka huu tumeona tena tisheti za bluu, mgeni rasmi, soda, spika kubwa, maandamano yenye brass band. Brass band! Kwa siku ya usonji! Watoto waliokuja kusherehekewa walikuwa wamejificha nyuma ya gari la maji wameziba masikio. Mimi sipingi siku yenyewe, imewekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2007 na inasaidia, lakini pesa ya zile tisheti ingenunua mikeka ya vitengo vyote vya mjini na chenji ingebaki. Mwakani tuulizeni. Tutawaambia matembezi yafanyike asubuhi na mapema, kimyakimya, na chipsi zisizo na kachumbari.

Wazazi, najua kuna mnaofikiria, huyu anaongea, ana kazi, mwanangu hasemi neno, atanisemeaje? Swali la haki. Sitamsemea mwanao. Nitasogea ili aletwe, na kama anachotaka atakionesha kwa kukataa chumba, kwa kutupa kikombe, kwa kukimbia, basi hiyo nayo iandikwe kwenye muhtasari, fulani alikataa chumba cha kwanza, akakubali cha pili. Na ninyi msitoke mezani, tunawahitaji, ila msikalie viti vyote.

Mwenyekiti wa mtaa ametangaza mkutano Jumamosi ijayo saa tatu, vipaumbele vya mtaa vinaandikwa pale. Sisi tutakuja saa mbili na nusu kabla watu hawajajaa, tutakaa karibu na mlango, tutakuwa na karatasi yetu ina mambo mawili: mwalimu wa pili wa kitengo, na barua ya ustawi ikubaliwe kwenye mikopo. Mwenyekiti, tunaomba iwe ajenda ya kwanza siyo ya nne. Umetikisa kichwa, wameona wote, mdogo wangu andika hapo kwamba ametikisa kichwa.

Nageuza kadi yangu sasa, nyekundu. Maswali yaandikeni kwenye karatasi, kapu linapita, nitawajibu kwa meseji, hata kama ni saa nane usiku msishangae, ndio muda wangu. Na huyo aliyeacha bajaji inaunguruma hapo dirishani tangu nimeanza, kaka, naomba ukaizime.